Barabara Mpya ya Pwani, Tanga hadi Bagamoyo: Baiskeli Itapita Wapi?

Taarifa zinazotolewa kuhusu ujenzi wa barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo huzungumzia zaidi mambo matatu: kilomita za lami, daraja la Mto Pangani na biashara kati ya Tanzania na Kenya. Ni mambo makubwa na yanastahili nafasi hiyo. Hata hivyo, kipo chombo kimoja kilichoizoea njia hiyo tangu ilipokuwa ya vumbi na mchanga, ambacho kinatajwa kwa nadra. Chombo hicho ni baiskeli. Wananchi wa vijiji vya ukanda huo wana haki ya kujua, kabla tabaka la mwisho la lami halijamwagwa, baiskeli itapita wapi pale magari yatakapoanza kukimbia.

Mradi huu ni sehemu ya ushoroba wa pwani ya Afrika Mashariki, unaokusudiwa kuunganisha Malindi, Mombasa, Lungalunga, Horohoro, Tanga na Bagamoyo. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za awamu ya kwanza yenye takriban kilomita 175, ikihusisha kipande cha Mkange–Pangani–Tanga kwa upande wa Tanzania na Mombasa–Kilifi kwa upande wa Kenya. Kwa upande wa Tanzania, utekelezaji unasimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Barabara yote ikikamilika, msafiri wa Tanga hatalazimika tena kuzunguka Segera na Chalinze ili kufika Dar es Salaam. Mabasi na malori ya Mombasa nayo yatakuwa na njia fupi zaidi ya kuelekea kusini.

Hapo ndipo hoja inapoanzia. Kwa miongo mingi njia ya Pangani imekuwa tulivu kwa sababu ilikuwa mbovu. Ubovu wake uliwachosha wakulima, ukawachelewesha wagonjwa na kuwapandishia nauli wanafunzi, na hakuna mkazi wa Pangani anayeulilia. Lakini ubovu huohuo ulikuwa ukiyapunguza magari mwendo. Gari lililokwenda kilomita 40 kwa saa likikwepa mashimo lilimpisha mwenye baiskeli bila hata kukusudia. Lami itauondoa ubovu, na pamoja nao itauondoa ulinzi ambao mwendesha baiskeli hakuwahi kuuomba wala kuulipia.

Tanga ni mji wa baiskeli, na wageni wanaofika kwa mara ya kwanza hulitambua hilo ndani ya saa moja. Barabara zake zilizonyooka, ardhi yake tambarare karibu na bandari na umbali mfupi kati ya makazi na sehemu za kazi viliifanya baiskeli kuwa usafiri wa karani, mwalimu, fundi na mama lishe. Nje ya mji, kuelekea kusini, kazi ya baiskeli hubadilika. Mchuuzi huondoka Kigombe alfajiri akiwa na tenga la samaki kwenye keria, akikusudia kuwahi soko la mjini kabla jua halijaharibu mzigo wake. Mwingine hubeba madafu, mwingine gunia la mkaa lililosimamishwa kwa vipande viwili vya mti, mwingine mtoto anayepelekwa zahanati. Baiskeli ya namna hiyo ni nzito na pana kuliko mwendeshaji wake, na nyingi hazina taa.

Ardhi wanayopita watu hao haina mlima wa kutisha, wala si tambarare. Kutoka Tanga kuelekea Pangani, na zaidi kutoka Pangani kuingia bara upande wa Muheza, nchi hupanda na kushuka kwa mawimbi. Kuna kilima kifupi, kisha bonde lenye kijito na kalavati, kisha kilima kingine chenye minazi, kisha uwanda wa mkonge. Miongozo ya usanifu wa barabara huigawa ardhi katika makundi, nayo ardhi ya namna hii ina kundi lake kati ya tambarare na milima. Kwa dereva wa gari dogo, vilima hivyo havionekani sana kwa kuwa mguu wake hukandamiza mafuta kidogo zaidi na safari inaendelea. Kwa mwenye baiskeli, kila kilima ni kazi mpya.

Inafaa kulitazama kwa undani jambo linalotokea kwenye mpando, kwa sababu hatari kubwa ya barabara za aina hii hujificha hapo. Mwendesha baiskeli mwenye mzigo huteremka akiwa na mwendo mzuri, lakini akianza kupanda mwendo wake hushuka hadi kilomita 8 kwa saa au pungufu. Kadiri mwendo unavyopungua ndivyo baiskeli inavyoyumba, kwa kuwa usawa wake hutegemea kusonga mbele. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyehitaji nafasi nyembamba kwenye tambarare anahitaji nafasi pana zaidi anapopanda. Kama mabega ya barabara ni membamba, au yamejaa mchanga, huingia kwenye lami.

Nyuma yake linakuja gari. Likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, husafiri takriban mita 22 kila sekunde ilhali baiskeli husafiri mita mbili tu. Dereva anayeibuka kutoka bondeni na kumwona mpandaji mita 100 mbele yake ana sekunde takriban tano za kuamua. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa angekuwa na sekunde zaidi ya nane. Tofauti hiyo ya sekunde tatu inatosha kukanyaga breki, kupiga honi, na kwa mwendesha baiskeli kugeuza shingo na kusogea pembeni.

Tatizo la pili ni kilele chenyewe. Dereva anayemkuta mwenye baiskeli karibu na kilele cha kilima haoni kinachokuja upande wa pili. Ana machaguo matatu. Anaweza kupunguza mwendo na kumfuata taratibu hadi juu. Anaweza kuvuka mstari wa katikati na kumpita akitumaini kwamba hakuna gari linalokuja. Anaweza pia kubaki katika njia yake na kumpita kwa karibu kiasi cha kumgusa bega. Chaguo la kwanza ndilo salama, nalo ndilo linalowashinda wengi wenye haraka. La pili linahatarisha abiria wa magari mawili. La tatu linamhatarisha mtu mmoja asiye na kinga yoyote, na ndilo linaloonekana mara nyingi katika barabara kuu zenye lami.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2023 zinaonesha kuwa takriban watu milioni 1.19 hufariki kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba vifo tisa kati ya kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Waendesha baiskeli ni asilimia 6 ya vifo hivyo. Ripoti hiyohiyo inaeleza kuwa ni asilimia 0.2 tu ya barabara za dunia zilizo na njia za baiskeli. Tanzania, kama nchi nyingine wanachama wa Umoja wa Mataifa, imo katika Muongo wa Pili wa Hatua za Usalama Barabarani wa 2021 hadi 2030, unaolenga kupunguza vifo na majeruhi kwa nusu. Sehemu kubwa ya muongo huo imekwisha kupita.

Sheria za nchi haziko kimya. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi na kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Vijiji vya njia ya Pangani vimejipanga kandokando ya barabara kama shanga kwenye uzi, na ukomo wa kilomita 50 unastahili kusomeka kwenye mabango kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, badala ya kuishia mbele ya shule na zahanati. Bango peke yake halimzuii dereva, jambo ambalo askari wa usalama barabarani wanalijua kuliko mtu yeyote. Matuta, alama za rangi na ile mistari iliyoinuka ambayo madereva huiita rasta ndivyo vinavyofanya kazi saa nane za usiku, askari anapokuwa amelala. Hata rasta zinahitaji busara, kwani zikitandazwa hadi ukingoni humlazimisha mwenye baiskeli kuzikwepa kwa kuingia katikati ya barabara. Kuacha nafasi ya kupita tairi moja pembeni hakugharimu chochote.

Je, nafasi ya kutosha ipo? Kwa ardhi, ipo. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliongeza eneo la hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Lami na mabega yake havijazi eneo hilo. Katika vipande vya vijijini, njia ya kando iliyoshindiliwa vizuri, ikapita nje ya mtaro, ingeweza kuwatosha waenda kwa miguu na wenye baiskeli bila kuhitaji kiwanja kipya cha mtu. Miongozo mingi ya usanifu hutaka njia ya baiskeli isipungue upana wa mita 1.5 kwa upande mmoja. Ni upana wa mlango mpana wa duka.

Fedha ni suala jingine, na halifai kupuuzwa. Kila nusu mita inayoongezwa kwenye bega la barabara yenye mamia ya kilomita ni kifusi, kokoto na lami vinavyoweza kujenga barabara ya mahali pengine, na wananchi wa Kilindi au Handeni wana haki ya kuuliza kwa nini Pangani ipate mabega mapana kabla barabara zao nyingi hazijapata lami. Ndiyo maana dai la kupanua mabega kila mahali lina udhaifu. Dai lenye nguvu ni la kuchagua. Ardhi ya mawimbi yenyewe inaonesha pa kuweka fedha: upande wa mpando kwenye kila kilima, mita mia chache kabla ya kilele, kwenye kalavati na madaraja ambako barabara hubana ghafla, na kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kila kijiji. Upande wa mteremko unaweza kusubiri, kwa kuwa huko baiskeli inakwenda na tofauti ya mwendo ni ndogo. Kwa utaratibu huo, sehemu ndogo ya urefu wote ingebeba sehemu kubwa ya usalama.

Matumizi ya mabega nayo yanahitaji kuangaliwa. Katika barabara nyingi za pwani, lami ikishakauka, bega lake hugeuka uwanja wa kuanikia mihogo, dagaa na mbata, kijiwe cha bodaboda na meza ya muuza matunda. Kwa mkulima, lami yenye joto ni neema ya Mungu. Lakini kila mkeka unaotandazwa humsukuma mwenye baiskeli mita moja kuelekea magari. Hilo haliondolewi na mkandarasi. Ni jukumu la serikali za vijiji, ambazo zinaweza kutenga uwanja wa kuanikia nje ya mtaro na kuusimamia.

Daraja la Mto Pangani linastahili kuzungumzwa peke yake. Mto huo, unaotiririka umbali wa takriban kilomita 500 kutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, umeitenganisha Pangani mjini na Bweni kwa muda wote ambao watu wameishi hapo. Kivuko kimekuwa kiungo, na juu ya kivuko baiskeli na gari hupata nafasi kwa usawa, kwani vyote husimama vikisubiri ng'ambo. Daraja jipya, lenye urefu wa mita 525, litakiondoa kivuko katika maisha ya kila siku. Mwanafunzi, muuguzi na mvuvi watapita mtoni saa yoyote bila kungoja.

Hata hivyo, daraja lina tabia tofauti na barabara. Bega la barabara likionekana dogo baada ya miaka kumi linaweza kuongezwa kwa kifusi na greda, lakini daraja halipanuliki kwa namna hiyo. Nafasi iliyotengwa siku ya kumwaga zege ndiyo itakayotumiwa na wajukuu. Madaraja makubwa yaliyojengwa nchini katika miaka ya karibuni, likiwemo la Kigongo–Busisi katika Ziwa Victoria lililofunguliwa mwaka 2025, yametengewa njia za waenda kwa miguu pembeni. Kwa Pangani, ambako wanaovuka kwa baiskeli ni wengi, suala ni kama njia ya pembeni itaruhusu baiskeli mbili zenye matenga kupishana bila mmoja kushuka, na kama uzio wake utakuwa na kimo cha kumzuia mtu aliyekaa juu ya kiti cha baiskeli na si aliyesimama kwa miguu tu. Upepo wa mlangoni mwa mto hauna huruma kwa mzigo mpana.

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao ni wa utalii. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2, na wengi wao walielekea mbuga za kaskazini na Zanzibar. Tanga na Pangani zilipata sehemu ndogo. Mtalii wa baiskeli ni mgeni wa aina yake. Hana haraka, husafiri kilomita 50 hadi 80 kwa siku, hununua maji na chakula kila baada ya saa mbili, na hulala mahali ambapo basi la watalii halisimami. Fedha yake hutawanyika vijijini badala ya kubaki katika hoteli moja.

Kwa mgeni wa namna hiyo, ukanda huu una mambo ambayo hayahitaji kutengenezwa. Akitoka Tanga asubuhi kuelekea kusini, baada ya takriban kilomita 17 hufika Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili karibu na bahari. Mbele yake ipo Kigombe, ndani ya ukanda wa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi waliamini alikwisha kutoweka tangu zama za kale mno, hadi aliponaswa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimpata katika nyavu zao tangu miaka ya mwanzo ya karne hii. Kufikia mchana msafiri huyo yuko Pangani, takriban kilomita 50 kutoka alikoanzia, mji uliokuwa kitovu cha vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani na ambako alinyongwa Desemba 1889.

Siku ya pili anaweza kuiacha barabara kuu na kupanda kuelekea Muheza kupitia mashamba ya mkonge. Zao hilo liliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yameacha kitu ambacho hakuna aliyekipanga kwa ajili ya baiskeli: njia ndefu za ndani, nyekundu, zisizo na magari, zinazopanda na kushuka na mawimbi ya ardhi. Nyingi ni mali ya wenye mashamba, hivyo kupita kwake kunahitaji ruhusa na makubaliano, jambo ambalo halmashauri zinaweza kulishughulikia kwa barua moja na kikao kimoja. Kutoka Muheza, nchi ya machungwa, milima ya Usambara Mashariki inaonekana upande wa magharibi, na mzunguko hukamilika kwa kurejea Tanga, umbali wa takriban kilomita 35. Kipande hiki cha mwisho ndicho kigumu kwa wasiwasi, si kwa vilima, kwa sababu ni barabara kuu ya malori na mabasi. Njia za ndani zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) zingeweza kuchukua nafasi yake endapo zingewekewa vibao vya kuelekeza.

Wakati wa kusafiri nao una kanuni zake, na watu wa pwani wanazijua bila kalenda. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba, anayetoka Bagamoyo kwenda Tanga husukumwa mgongoni, na anayekwenda kinyume hulipa kwa jasho. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo hugeuka. Masika huharibu njia za udongo kuanzia Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri zaidi, na mwelekeo sahihi katika miezi hiyo ni kutoka kusini kwenda kaskazini. Kijitabu cha utalii kisichoeleza hilo kitamchosha mgeni, naye akirudi kwao atasimulia uchovu badala ya safari.

Kusini mwa Pangani mambo hubadilika tena, na hapa tahadhari inahitajika. Baada ya Ushongo, Kipumbwi na Mkwaja, msafiri huingia katika ukanda wa Saadani, iliyopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 na ambayo ndiyo pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi. Humo mna simba, tembo, nyati na twiga. Tembo hajui mpaka wa hifadhi wala mstari wa katikati ya barabara, na baiskeli haina mlango wa kufunga. Matangazo yoyote ya utalii yanayoichora njia ya Tanga hadi Bagamoyo kama safari moja isiyokatika ya baiskeli yatakuwa yanawadanganya wageni. Kipande hicho kinahitaji gari la kuwabeba waendeshaji na baiskeli zao, kwa utaratibu utakaokubaliwa na mamlaka ya hifadhi.

Kwa wanyama wenyewe, funzo liko Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia hukatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50. Huko matuta, ukomo wa mwendo na faini kwa anayegonga mnyama vilikuja kufuatia uchungu wa kupoteza wanyama. Saadani ina bahati ya kuyapata hayo mapema. Gari linalolazimishwa kupunguza mwendo kwa ajili ya pofu na ngiri litafika katika kijiji kinachofuata likiwa bado na mwendo mdogo, na mwenye baiskeli atanufaika kwa hisani ya mnyama.

Ni kweli kwamba wapo wanaoiona hoja ya baiskeli kama ya kurudi nyuma. Kwa mtazamo huo, baiskeli ni chombo cha mtu ambaye bado hajapata pikipiki, na barabara ya kisasa haipaswi kujengwa kwa ajili ya umaskini unaoondoka. Mfano wa jirani unapingana na mtazamo huo. Rwanda, nchi ya vilima kuliko Tanga kwa mbali, iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mjini Kigali Septemba 2025, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo barani Afrika. Baadhi ya waendeshaji waliounda timu yake ya mwanzo walikuwa vijana waliozoea kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli katika vilima hivyohivyo. Mlima uliokuwa adha ya mchuuzi ukawa shule ya mwanamichezo. Vijana wa Kigombe na Mwera hawana vilima vya Rwanda, lakini wana kifua kilichozoea tenga la samaki na upepo wa kusi. Wanachokosa ni mahali pa kufanyia mazoezi bila kuhofia lori.

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikwisha kuitambua Juni 3 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani kwa azimio la mwaka 2018, na mwaka 2022 likapitisha azimio jingine la kuzihimiza nchi kuiingiza baiskeli katika mifumo ya usafiri wa umma. Maazimio hayo hayajengi bega la barabara. Yanampa tu mhandisi na diwani sababu ya kulitaja jambo hilo kikaoni bila kuonekana wa ajabu.

Kwa mwananchi, mlango wa kuingilia upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na wananchi washirikishwe. Mikutano ya ushirikishwaji mara nyingi hujaa maswali ya fidia, na ni haki, kwa kuwa nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Swali la baiskeli huja mwishoni, au haliji, kwa sababu anayeendesha baiskeli wakati huo yuko njiani na mzigo wake. Wenyeviti wa vijiji na watendaji wa kata wanaweza kulibeba kwa niaba yake wakiwa na orodha fupi: kilima kipi, kalavati ipi, kona ipi na saa ngapi wanafunzi hupita.

Hata baada ya mkandarasi kukabidhi kazi, barabara huwa na kipindi cha matazamio, ambapo kasoro zinazojitokeza hurekebishwa kwa gharama yake. Bega lililomomonyoka baada ya masika ya kwanza, ukingo wa lami uliobaki juu ya changarawe kwa kimo cha kiganja, bango la mwendo lililoanguka au kifuniko cha mtaro kilichokosekana vinaweza kuripotiwa ofisi ya TANROADS ya mkoa ndani ya muda huo. Upungufu ulio katika usanifu wenyewe, kama bega jembamba kwenye mpando, hauhesabiwi kuwa kasoro ya mkandarasi na utahitaji fungu jipya la bajeti. Kwa vipande ambavyo usanifu wake bado unaweza kurekebishwa, gharama ya nusu mita bado ni ile ya kifusi na kokoto zilizokwisha kusogezwa kando ya barabara.